Jurawa wa Bi Maram

Barka hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na cheti cha shule hata cha darasa la tatu, na tangu mwezi wa Rajabu hakuwa na mama. Asubuhi ile Bwana Muhdhar, dalali wa majumba, alipoingia bila kupiga hodi, hakuwa na subira pia.

"Ndia ulokuja nayo, rudi nayo," alimwambia. "Hawajamaliza kula."

Waliokuwa wakila ni jurawa, wale ndege wadogo ambao watu wa bara huwaita shomoro. Walikuwa wamejaa kiwandani, kwenye ua wa ndani wa ile nyumba ya mawe, wakigombania chenga za mchele. Nyuma ya dalali alisimama Kirimi, fundi kutoka Mokowe, na utepe wa kupimia mkononi.

"Bi Barka, sisi tumetumwa tu," alisema Muhdhar. "Fawaz, mwana wa marehemu, amepata mnunuzi. Hapa patachimbwa kidimbwi cha wageni kuogelea. Huyu fundi anapima, haumizi mtu."

"Basi apime na kimo changu. Maana na mimi itabidi mnifukie humo humo."

Kirimi alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

Mama, Bi Maram, alipofuka miaka yake ya mwisho. Kila kukicha aliketi kizingitini akauliza, "Wamekuja?" Barka akamsimulia: nani kaja na mkewe, nani kanyang'anywa punje. Dume mmoja mwenye kidevu cheusi, aliyependa kutunisha kifua na kuwafukuza wenzake, Bi Maram alimpa jina la Liwali. "Liwali keshatoza kodi leo?" aliuliza, akacheka mpaka akapaliwa.

Alipokufa, nyumba ilijaa wanawake na moshi wa ubani. Barka alilia mpaka mmoja wao akamnong'oneza mwenzake, "Huyu analia kupita haki yake." Alisikia, na machozi yakamkauka. Watu walipoondoka hakupika, hakufagia, hakufungua dirisha. Alilala na kanga ya mama usoni.

Aliyemwamsha ni Liwali. Aliingia mpaka chumbani, akatua kwenye ubao wa kitanda, akapiga makelele kama askari wa kanjo akifukuza wachuuzi. Barka akamtukana. Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya siku nyingi. Kisha akainuka, akaenda kumtafutia chenga.

Jurawa hawakumpa pole. Hawakumuuliza sasa ataishi vipi. Walitaka kula, basi. Na kwa sababu hiyo kila asubuhi palikuwa na jambo la kuamkia. Siku nyingine alijikuta akisimulia kwa sauti nani kaja na nani kakosa, na kizingitini hapana mtu, na bado moyo wake ukatulia.

Ndiyo maana hakusogea Kirimi alipoanza kuvuta utepe.

"Lakini mama," fundi alisema kwa upole, "huyo ndugu yako mbona haji mwenyewe mkaongea?"

Muhdhar akakohoa.

"Muulize dalali," alisema Barka.

"Ana shughuli nyingi huko Mombasa," alijibu Muhdhar.

"Mama alipovunjika nyonga, alikuwa na shughuli. Alipopofuka, shughuli. Siku ya maziko, shughuli. Siku ya arubaini, shughuli. Nani aliyemlisha? Nani aliyemwosha? Shughuli?"

"Bi Barka, sheria haiulizi nani aliosha. Fawaz ni mwana wa kiume. Wewe una nini?"

"Nina funguo."

Alizitoa kwenye pindo la kanga, akazining'iniza mbele ya uso wa dalali.

"Mama alinikabidhi kwa mkono wake, akili zake timamu, mbele ya imamu na majirani wawili. Hiba. Nyumba na kila kilichomo. Kilichotolewa na mtu akiwa hai hakingoji kurithiwa, na hilo wajua wewe kuliko mimi."

Muhdhar alisogea, akazitazama funguo kwa karibu.

"Imamu alikuwepo?"

"Na halua akala."

Kirimi alianza kukunja utepe wake kabla hajaambiwa. Dalali alijifuta jasho shingoni.

"Sasa mimi Fawaz nitamwambia nini? Atasema nimehongwa."

"Hutamwambia kitu. Ngoja hapo hapo, na usimkanyagie Liwali chakula chake."

Aliingia ndani, akaketi kwenye kiti cha Bi Maram. Aliandika kwa zile herufi kubwa zilizonyooka alizojifunza ukubwani, kwenye masomo ya ngumbaru. Nje alisikia fundi akimuuliza dalali jambo, na dalali akimwambia anyamaze.

*Kwa Fawaz. Assalamu alaikum. Nyumba haiuzwi, kiwanda hakichimbwi, na jurawa hawahami. Usimtume mtu tena. Ukiwa na shaka, njoo umuulize imamu. Yuko msikitini pale pale ulipomwacha. Na ukishamuuliza, pita makaburini, maana huko hujafika bado.*

Alisoma alichoandika. Kilitosha, lakini hakikumtosha yeye. Akaongeza mstari mmoja wa mwisho.

*Wewe ulinipa talaka tatu, Fawaz. Mama yako hakunipa hata moja.*

Alilamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika, akatoka nayo kiwandani, akamkabidhi dalali aende nayo.