Ndama wa Kambini

Mukakalisa alifika nyumbani Kibumba jua likiwa kali, akamfungua ndama kamba shingoni. Majani yalikuwa yamefika magotini, maana tangu vita iwakimbize hakuna aliyelisha mifugo pale.

Ndama huyo alizaliwa kambini Goma, juu ya mawe meusi ya volkano. Mama yake alipokufa, alikuzwa kwa maganda ya ndizi na makartoni ya msaada. Sasa alinusa majani, akageuza kichwa, akarudi kusimama barabarani.

“Mama, hajui kama ni chakula,” alisema binti yake, ambaye naye alizaliwa kambini. “Tumurudishe Goma?”

Mukakalisa alikuwa amechoka. Miguu ilimvimba kwa safari, na hawakuwa na ng’ombe mwingine.

Alipiga magoti, akang’oa majani, akayatia mdomoni mbele ya ndama. Akatafuna polepole. Maji ya kijani, machungu, yakamtiririka kidevuni. Ndama alisogea, akamlamba kidevu.

“Kuja hapa,” alimwambia binti yake. “Tafuna na wewe, akuone.”

Mtoto alichuma jani moja, akaligeuzageuza, akamtazama mama yake.