Bega la Mkwe

Sindano ilikuwa imeshachukua kipande cha figo ya Ntandu cha kupimwa. Kwa kuwa damu yake huchelewa kuganda, nesi alimlaza chali juu ya mfuko wa mchanga ili ubane jeraha la mgongoni.

"Ukiinuka kabla ya jioni, figo itavuja damu."

Mara akaingia mama mkwe wake. Kwao, mwanamume halali mbele ya mama mkwe, wala hawatazamani usoni wala kugusana. Ntandu akaanza kujiinua.

"Lala, baba."

"Nitalalaje mbele yako, mama?"

Mama akajitanda kanga mpaka usoni, akamgeuzia mgongo, akarudi kinyumenyume hadi kitandani. Akapapasa mpaka akalipata bega ambalo hakuwahi kuligusa, akalikandamiza godoroni.

Jioni nesi alisema mgonjwa sasa anaweza kuinuka. Mkono haukutoka begani.