Faili la Ng'ombe Mmoja

Honi ilipigwa mpaka ikachoka, lakini ng'ombe wala hawakujali. Walivuka barabara ya Majimoto mmoja mmoja, wote wekundu, wote na baka jeupe kwenye paji, huku gari la mgombea ubunge likisubiri na vumbi lake.

"Wa nani hawa?" Amedeus aliuliza.

"Wa mama mmoja wa hukuhuku," dereva akajibu. "Mungu kamjalia."

Amedeus aliitikia tu kwa kichwa. Siku hiyo mama aliyekuwa akimkosesha raha alikuwa mmoja tu, Kabula.

Enzi hizo Amedeus alikuwa wakili mjini Mpanda, na Kabula mteja wake. Alikuwa akigombania ng'ombe jike na jirani yake, Ponsian. Mahakama ikaamuru ng'ombe huyo akae kwa Kabula mpaka hukumu itoke. Basi wakili akaahirisha leo, akaahirisha kesho, maana alikuwa na kesi nono zaidi. Mara paap, akateuliwa hakimu, mahakama ileile! Faili likamfuata mezani. Kesi aliyoiwakilisha mwenyewe hawezi kuiamua, akalitia kabatini lisubiri hakimu mwingine. Huyo mwingine alichelewa miaka kumi na mmoja.

Sasa ameacha uhakimu, anautaka ubunge, na ukoo wa Kabula una kura mia tatu. Mama yule akisimama mbele za watu aseme alivyozungushwa, Dodoma ndiyo kwaheri. Amedeus aliogopa, jamani, mpaka chai ya asubuhi ilimshinda.

Uwanjani akamkuta mstari wa mbele kabisa. Kabula alikuwa amevaa fulana yenye picha ya mgombea juu ya gauni lake, anaongoza akina mama kuimba. Amedeus akahisi anachimbiwa shimo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mheshimiwa! Kura zetu zote zako, na ndugu zangu wa Kibaoni nimeshawaambia. Ila nakuomba kitu kimoja, usibadilike. Baki hivyohivyo ulivyo."

Kejeli hiyo! Akina mama walicheka, na Amedeus akaona heri amuwahi kabla hajamuumbua. Akanyakua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, nyie ni mashahidi! Kuna mama hapa nilimkosea. Sasa hakimu mpya amefika, nimemwendea mwenyewe, nimembembeleza. Kesi ya mama yetu Kabula inasikilizwa Jumatatu, na mwezi huu hauishi bila hukumu!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Wa kwanza kuruka alikuwa Ponsian, karusha kofia juu, anapiga kelele, "Mbunge ndiyo huyu!" Amedeus akashangaa kidogo, mpinzani wa Kabula anafurahia nini, lakini kura ni kura, akampungia mkono.

Kabula hakupiga makofi. Aliivua ile fulana taratibu, akaikunja vizuri, akaenda nayo mpaka jukwaani na kumwekea Amedeus mikononi. Nyuma yake akina mama, mmoja mmoja, wakawa wanavua na wao.

"Mheshimiwa, baba," alisema, "wale ng'ombe wangu thelathini na nane waliokuchelewesha barabarani, wewe unadhani bibi yao ni ng'ombe gani?"