Mashavu ya Kyomugisha

Mkunga wa misheni alichemsha mkojo wa Kyomugisha ndani ya kichupa, juu ya moto mdogo. Ukageuka mweupe, ukaganda kama maziwa ya juzi.

"Mkojo wa mjamzito mzima hauwi hivi," alisema. "Uvimbe huu wa mkweo ni ugonjwa, mama."

Njia nzima kutoka kijijini Nyabiyonza mama mkwe wa Kyomugisha alikuwa akijisifu: tazameni mashavu ya mkwe wangu, tazameni miguu, maziwa ya ng'ombe wetu hayo!

Sasa mama mkwe akapiga magoti, akaubonyeza mguu wa Kyomugisha kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Atalala hapa leo," mkunga alisema. "Tumeuwahi ugonjwa."

Mama mkwe akakitoa kikapuni kibuyu cha maziwa aliyombebea mkwewe, akamkabidhi mkunga kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia mkunga. " Yote."