Mkeka Umesema Mama

Siku hizi mtoto haanzi shule mpaka apande mkeka wa yoga, mkeka uusome mwili wake na kutaja hofu yake ilikotoka. Anayetajwa hukaa mbali na mtoto hadi naye apone.

Raya alinyoosha miguu, akavuta pumzi kama mwalimu alivyomwelekeza. Alipoambiwa ainue mikono, ikaishia usoni, viwiko mbele, kama mtu anayekinga kofi. Mkeka ukasema kwa upole, "Imetoka kwa mama."

Kando ya mkeka, Zamda alihisi uso unamwaka moto. Kofi lile lilikuwa lake, na kabla yake lilikuwa la baba yake aliyempiga yeye, mama yake Bi Salme akitazama na kunyamaza.

"Mama ndiye yupi, Raya?" mwalimu akauliza.

Raya akamwonyesha Bi Salme, bibi yake. Ndiye aliyemlea, ndiye anayemwita Mama tangu aanze kusema. Zamda, aliyemzaa, Raya humwita Dada tu.

Zamda akafungua kinywa. Bi Salme akamtazama, akasubiri. Zamda akainama kuokota viatu vya Raya.

"Haya," Bi Salme akasema, akijitanda kanga yake vizuri. "Ni mimi, mwalimu. Nitahama leo leo."

Asubuhi ya shule Zamda alishika kitana. "Njoo nikuchane, mwanangu," akasema, kwa sauti laini ambayo hata yeye hakuizoea.

Raya akaja. Mkono wa Zamda ulipoinuka tu, viwiko vikatangulia.

"Dada," mtoto akauliza nyuma ya viwiko, "Mama atapona lini?"