Kibao Kilicholala Upande

Nungunungu alikuwa fundi wa kuchora vibao vya maduka, na wateja wote aliwaambia, "Sura mpya huleta riziki mpya." Kibao chake mwenyewe kilining'inia kwa msumari mmoja, kimelala upande. Siku moja akaona aibu, akajichorea kipya, akakipigilia kikanyooka. Wiki nzima hakuja mtu.

Siku ya nane akafika Kobe, hoi.

"Samahani, namtafuta mchoraji. Nimeelekezwa penye kibao kilicholala upande."

"Ndipo hapa, mzee."

Kobe akakitazama kibao. "Hapana. Yule nasikia ni fundi kweli."

Nungunungu akajicheka mpaka miiba ikamtikisika. Akapanda ngazi, akang'oa msumari mmoja. Kibao kikalala upande.

"Kumbe ni wewe, fundi," akasema Kobe. "Nichoree na mimi. Ila changu kinyooke."