Bangili ya Ijumaa

Sheria ilikuwa hivi: anayeishi na mlevi huvaa bangili ya mgonjwa wake kila Ijumaa, ahisi anachohisi mgonjwa, kisha yeye ndiye amweleze muuguzi. Neno la mgonjwa mwenyewe halihesabiki.

Bi Shemsa alikuwa akikwepa, leo mguu, kesho wageni. Ijumaa hii muuguzi alimfuata hadi jikoni, akamvisha. Mwanawe Haroub, mgonjwa mwenyewe, alikuwa pembeni akichambua mchele.

Kiu ndiyo iliyotangulia. Koo likamkauka, akajikuta anaitolea macho chupa ya siki.

“Hiyo itapita, Mama,” Haroub alisema taratibu. “Kuna nyingine nyuma yake.”

Ikaja huzuni, nzito kama gunia lililoloa, na ndani yake sauti isiyochoka: huna maana wewe, umenitia aibu, heri nisingekuzaa.

Bi Shemsa aliijua sauti ile. Ilikuwa yake.

Muuguzi akamvua bangili. “Ni kiu peke yake, au na moyo unaumwa? Nikijua, nitamtibu yote mawili.”

Haroub aliacha kuchambua, akasubiri.

“Kiu,” mama alisema, macho sakafuni. “Kiu tu.”

Haroub akarudi kwenye mchele wake.